Matanga ya Mzee wa Hewani

Jumatatu, 29 Julai 1996

Nimekubaliwa Zizini! Miezi miwili ya kubembeleza. Hatimaye!

Nieleze vizuri, maana siku moja daftari hili litasomwa na watu wa maana. Mimi ni Donatus, karani wa ghala la pamba la Bwana Jashvant, hapa Nyahanga, Kahama. Napima pamba, naandika stakabadhi, nashika redio kol. Mchana redio ni ya kazi. Lori limekwama wapi, magunia yamefika mangapi, nani kaishiwa dizeli. Lakini saa kumi na moja jioni ofisi zikishafungwa, masafa yale yale yanageuka kuwa Zizi, mpaka saa kumi na mbili.

Zizi ni mchezo. Kila mtu yuko kituoni kwake na maiki yake, na ana ng'ombe ambao hawapo. Mgeni hupewa kumi. Mwenye mchezo ni Ghati wa Geita, anayeshika redio ya kambi ya watafiti wa dhahabu. Kila jioni anarusha dadu kwenye bakuli la bati, tunalisikia likigonga, kisha anatangaza: mvua, ukame, wezi, ugonjwa, ndama au bwana mifugo. Baada ya hapo watu wanahamisha mifugo, wanaazimana madume, wanaozeshana watoto ambao nao hawapo. Sheria kuu ni watu wazima tu. Ghati anasema vijana hawana subira ya ng'ombe.

Wengine ni Mihayo wa Mhunze, wa kiwanda cha kuchambua pamba, na Apolonia wa Kharumwa, muuguzi wa zahanati. Mwaka wa tatu sasa wanacheza na hawajawahi kuonana. Wanajuana kwa sauti tu. Wanacheka pamoja kama waliozaliwa tumbo moja.

Nimetoa hotuba ya kujitambulisha ya dakika sita. Ilikuwa nzuri. Mihayo kasema betri yake ni ndogo.

Jumanne, 30 Julai

Wezi! Siku ya pili tu, ng'ombe wangu wanne wamekwenda! Mihayo ana hamsini na tatu na hakuibiwa hata mkia. Nimelalamika dakika tatu. Ghati kasema dadu halijui sura ya mtu.

Nyumbani mke wangu Rhoda kanipokea mlangoni na mwiko. Jirani kamwambia kwamba kila jioni nacheza mchezo wa watu wazima redioni na wanawake wawili, mmoja wa Geita na mmoja wa Kharumwa. Nikamweleza kuwa ni habari ya ng'ombe tu. Akauliza ng'ombe wako wapi. Nikasema hawapo. Ugali leo ulikuwa mdogo.

Ukweli niuandike hapa, kwa kuwa Rhoda hapendi kusoma mwandiko wangu. Sina rafiki Nyahanga. Tangu ile bahati nasibu ya jogoo, ambapo jogoo alikufa kabla ya droo na mshindi nikampa manyoya, watu wananikwepa. Kilabuni nikikaa, benchi zima linabaki langu. Sijali. Ila nataka siku moja nikikosekana mahali, mtu aulize Donatus yuko wapi. Ni hilo tu. Sidhani kama ni kubwa.

Watu wa Zizi wanaulizana hivyo. Mtu akichelewa dakika tano wanaita mpaka aitike. Na mtu mwenye ng'ombe sita nani atamwita? Lazima nipate ng'ombe.

Jumatano, 31 Julai

Nina mpango. Ni mzuri mpaka nimecheka peke yangu ghalani.

Mgeni hupewa ng'ombe kumi. Hakuna sheria inayosema mgeni lazima awepo. Nimeipitia kichwani mara mbili. Haipo!

Saa kumi na moja na robo, Mzee Luhende kaingia hewani. Mzee mstaafu, mjane, wa Kahama hii hii, anaazimwa redio na kampuni ya malori upande wa pili wa mji. Sauti nimeitengeneza kwa leso mdomoni na kichwa ndani ya ndoo. Leso ilikuwa na manyoya ya pamba, yakaniingia kooni, nikakohoa hadi machozi. Halafu nikasalimia kwa unyonge, kwa Kisukuma, "Mwadila, wanangu," nikawauliza mmoja mmoja kama ni mhola, kama nyumbani ni salama. Nilikuwa navuta muda niweze kupumua.

Wakampenda hapo hapo! Mihayo kajibu kwa Kisukuma, sauti imelegea. Ghati katangaza kwamba yeye Mkurya na mzee huyu ni watani kuanzia leo, na akifa ataruka juu ya kaburi lake. Wakacheka sana. Kapewa kumi zake.

Nikaingia hatua ya pili. Mzee kaposa binti yangu wa mchezoni kwa ng'ombe wote kumi. Nikatoa leso, nikajibu kwa sauti yangu kuwa nimekubali. Nikarudisha leso, nikashukuru. Jasho!

Mihayo kapinga. Kasema ni aibu baba mzima kumwoza binti yake kwa mzee mgonjwa kwa tamaa ya mifugo. Kamshauri Mzee abaki na ng'ombe wake. Apolonia kaunga mkono. Ghati kapiga muhuri. Mzee hakuweza kubisha, maana mimi nilikuwa natetea upande wangu na sikupata nafasi ya kuvaa leso.

Alhamisi, 1 Agosti

Dadu: ukame. Nimebaki na watano. Mzee Luhende hakupoteza hata mmoja, kwa sababu Mihayo alimkaribisha kwenye malambo yake. Mimi sikukaribishwa.

Baadaye Apolonia kasema leo hachezi. Mama yake anaumwa huko kwao, likizo amenyimwa, na tangu asubuhi kahudumia wagonjwa kwa chai tupu. Sijui kwa nini, nikavaa leso. Mzee kamwambia, mwanangu, kwanza kula, mama yako angeuliza hilo kabla ya yote, halafu rudi utuambie. Akaenda. Baada ya robo saa karudi, kala viazi, kazungumza mpaka muda ukaisha. Mzee kamsikiliza. Alikuwa anasema "ehe" tu.

Nikatoa leso nikasema kwamba hata mimi nilitaka kusema hivyo hivyo. Wakamuaga Mzee tu.

Ijumaa, 2 Agosti

Dereva wa lori la Kharumwa kaleta chupa ya asali. Imefungwa kwa kitambaa na karatasi: ya Mzee Luhende, kwa kifua chake, kutoka kwa Apolonia, Donatus tafadhali mfikishie na usionje.

Usionje! Mtu hajaniona hata siku moja na tayari ananishuku. Inauma. Nimeila kwa niaba yake. Kifua chake kinaendelea vizuri.

Jioni Bwana Jashvant kaingia ofisini ghafla nikiwa na kichwa ndani ya ndoo, nikisema kwamba ndama wangu mwekundu anaharisha. Kasimama. Nikamwambia napima mwangwi. Kasema ndoo ni ya ghala, irudi pale ilipokuwa. Akaondoka. Huyu bwana hajawahi kucheka tangu nimjue, miaka tisa sasa.

Jumamosi, 3 Agosti

Siku mbaya.

Wamekubaliana kwamba Zizi linahitaji ntemi, mkuu wa kuamua kesi za mifugo. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Kabla sijabonyeza maiki, Mihayo kamtaja Mzee Luhende. Apolonia kasema ndiyo. Ghati kasema ndiyo. Wakaniuliza na mimi. Ningesema nini? Nikasema ndiyo. Halafu nikavaa leso nikakataa kwa heshima, wakazidi kumpenda kwa unyenyekevu wake.

Si hilo tu. Nane Nane ni sikukuu, ofisi zote zimefungwa, na wanataka hatimaye waonane uso kwa uso. Wanakuja Kahama! Nikaruka kwa furaha, nikagonga kichwa kwenye rafu ya stakabadhi. Kisha Ghati kafafanua. Wanakuja kumwona Mzee. Mimi nimeombwa niwaelekeze nyumba yake, kama nitakuwa na nafasi.

Nimemtengeneza mimi! Maneno yote matamu ni yangu! Kikohozi changu! Na mtu huyu hana hata miguu, kaniibia kiti changu.

Mzee lazima aondoke. Nimeamua. Nitasema kwa upole kwamba ameacha mchezo.

Jumatatu, 5 Agosti

Mungu wangu.

Niandike taratibu. Saa kumi na moja na dakika mbili nikatoa taarifa. Maneno niliyapanga Jumapili nzima: Mzee Luhende ameaga rasmi, hatakuwepo tena Zizini kwa kuwa amehamia kwa mwanawe Tabora, anawashukuru wote. Taarifa nzuri kabisa. Lakini upepo wa Agosti ulikuwa unatikisa antena kama mtu anayechuma maembe, redio inakoroma. Geita wakasikia "Mzee Luhende ameaga." Kharumwa wakasikia "hatakuwepo tena." Mhunze wakasikia "anawashukuru wote." Wakaunganisha.

Tabora haikusikika popote.

Mara Apolonia analia hewani, kabonyeza maiki na kasahau kuiachia. Mihayo akaita. Kasema, "Pole sana, ndugu yetu Donatus."

Ndugu yetu! Nilishafungua mdomo kusahihisha. Nikaufunga. Ghati naye kaniuliza kama nimekula. Kaniuliza kama nina mtu wa kukaa naye. Kasema nisibaki peke yangu leo. Tangu nizaliwe hakuna aliyenikataza kubaki peke yangu.

Wakauliza kilichomuua. Nikasema kifua. Apolonia kauliza kama asali ilimfikia. Nikasema yote. Wakauliza matanga yako wapi. Nikasema kwangu. Nilikuwa bado naisikia ile "ndugu yetu."

Wanakuja Alhamisi. Wote.

Jumanne, 6 Agosti

Nimemwambia Rhoda. Kaacha kupepeta mchele. Kaniuliza marehemu ni nani. Nikasema ni mimi, kwa namna fulani. Kasema laiti.

Baadaye kauliza maswali ya busara. Wageni wangapi, wanafika saa ngapi, wanakula nini. Kasema wageni ni wageni na atapika. Lakini kulia hatalia. Hawezi kumlilia mtu ambaye yeye hajawahi kuosha sahani yake.

Nimejaribu redioni kuwakatisha tamaa. Nikasema tumeshazika, joto kali, wasisumbuke. Mihayo kasema basi wataona kaburi.

Kaburi!

Jumatano, 7 Agosti

Kaburi limepatikana. Nyuma ya nyumba Rhoda ana matuta matano ya viazi vitamu. Nimechagua la mwisho, lenye urefu unaofaa. Nimeng'oa majani, nimepiga udongo kwa jembe, nimechomeka msalaba wa mbao za sanduku la chai. Kwa mbali linatia huzuni kabisa. Mimi mwenyewe nilisimama pale kidogo nikavua kofia.

Rhoda kalitazama. Kasema mwezi ujao alipanga kulivuna, viazi tuvikaushe viwe michembe. Nimemwomba asiseme hivyo mbele za watu.

Nimeazima turubai. Kosa. Mtu akifunga turubai Nyahanga, mtaa mzima unakuja. Hadi jioni walikuwa wamefika watu kumi na wanne na viti vyao, wakiuliza kafa nani. Nikasema mzee mmoja wa hewani. Wakadhani ni rubani. Wanazungumza kwa heshima sana.

Alhamisi, 8 Agosti. Nane Nane

Wamefika saa tano asubuhi. Ghati na Apolonia kwa gari la kambi, Mihayo kwa basi la Shinyanga. Wanasema pale stendi walikomfuata Mihayo walipishana mara tatu bila kujuana, mpaka Mihayo alipomwambia mpiga debe "nimekupata, ova," wakageuka wote kwa pamoja. Wakakumbatiana wakiwa wamefumba macho, ili kila mmoja asikie vizuri.

Ghati nilimdhania jitu la mama. Ni mfupi, ana miwani, suruali ya kambi chini ya kitenge. Mihayo mwenye sauti ya injini ni mwembamba, anaingia ndani ya gunia la pamba na nafasi inabaki. Kavaa kitambaa cheusi mkononi, kakishona mwenyewe. Kaja na beberu. Apolonia ana macho mekundu na kaleta chupa nyingine ya asali, maana alikuwa ameshainunua.

Wakanikumbatia. Wote watatu! Nikatamani Mzee Luhende afe kila wiki.

Bwana Jashvant naye kafika, shati jeupe, mfuko wa sukari mkononi. Kasema amesikia karani wake kafiwa. Kakaa kwenye kiti cha mwisho. Sikuweza kumwangalia.

Tukaenda kaburini. Apolonia kaweka maua ya karatasi. Mihayo kasali. Majirani wakamwombea rubani. Yote yalikwenda vizuri, na yangemalizika vizuri, isingekuwa utani.

Ghati alikuwa mtani wa marehemu, na mtani ana haki yake msibani. Kajilaza juu ya tuta, kafunika mdomo kwa ncha ya kitenge, kaanza kumwigiza. "Mwadila, wanangu." Akakohoa. Watu wakacheka huku wanalia, ndivyo inavyotakiwa.

Ila alikosea. Alisema "wanangu" ndipo akakohoa. Mzee alikuwa anaanza kukohoa. Nikavumilia. Akarudia, kakosea tena, na sauti kaipandisha mwishoni badala ya kuishusha. Majirani wanapiga makofi. Makofi kwa kazi mbovu namna ile! Mara ya tatu nikashindwa. Mtu ana mipaka yake.

Nikasema hapana, sivyo. Kikohozi kwanza, halafu pumzi ndefu, halafu mwadila, na sauti inashuka. Nikatoa leso yangu mfukoni kuwaonyesha. Nikafanya yote, kuanzia kukohoa hadi kumuuliza Apolonia hali ya mama yake.

Sijawahi kufanya vizuri vile.

Kuku tu ndio waliendelea na shughuli zao. Ghati kainuka polepole kutoka kwenye tuta, kisigino chake kikafukua kitu chekundu. Kakiokota, kakifuta kwa kidole, kakishika juu. Kiazi.

Apolonia ndiye aliyezungumza wa kwanza. Kauliza ni nani alimwambia ale kwanza. Nikasema mimi. Na asali? Nikasema mimi. Kasogea, nikafumba macho nikisubiri kofi. Hakunipiga. Alisema tu kwamba usiku wa Jumatatu hakulala, alikuwa anamlilia mzee, na kwamba sasa hajui amlilie nani. Ningepigwa kofi ingekuwa nafuu.

Mihayo kavua kile kitambaa cheusi. Kasema kaacha kiwanda msimu wa pamba, kapanda basi tangu alfajiri na beberu, kuja kusali juu ya kiazi. Kasema mtu wa namna hii azimwe. Abadilishiwe masafa, asisikie tena Zizi maisha yake.

Nikalia. Haikuwa mpango. Machozi yalitoka yenyewe, na kamasi, mbele ya mtaa mzima na tajiri wangu. Nikasema ng'ombe wachukueni, msinizime. Nikasema hapa sina mtu mwingine wa kuongea naye. Sikukusudia kusema hilo, ila lilitoka.

Rhoda kasema chakula kinapoa, na kama wanataka kunizima wanizime wakiwa wameshiba.

Wakala. Beberu alikuwa mtamu. Baada ya chakula wakakaa peke yao chini ya turubai karibu saa nzima. Mimi niliketi kaburini. Kisha Ghati kaniita asome mchenya, ile faini ya wanaoudhi kijiji. Ng'ombe wangu watano wamekwenda, naanza upya na mtamba mmoja, kilema. Kumi wa Mzee ni wa Apolonia, kwa machozi yake. Mzee amekufa na abaki amekufa. Na kila jioni, kabla sijagusa habari za mifugo yangu, nimuulize kila mtu hali yake kwa sauti yangu mwenyewe, nisubiri ajibu. Mihayo kaongeza kwamba hotuba zangu zisizidi dakika moja.

Sikuzimwa! Nimebaki!

Walipoaga, Rhoda kachukua jembe kafukua tuta lote. Wakamgawana marehemu kwenye vikapu vitatu. Apolonia ndiye aliyechagua kiazi kikubwa kuliko vyote, nikaona anatabasamu kidogo. Majirani mpaka sasa hawaelewi rubani alikwenda wapi.

Bwana Jashvant alibaki wa mwisho. Kauliza mgeni hupewa ng'ombe wangapi. Nikasema kumi. Kasema atacheza, kwa masharti: ng'ombe wake hawachinjwi, hawauzwi, wanakufa kwa uzee tu.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimeuliza hali. Dakika arobaini! Sikujua watu wana mambo mengi kiasi hiki. Mihayo mgongo unamsumbua tangu alipobeba yule beberu. Mama yake Apolonia anakula uji sasa. Ghati hajaenda kwao miaka miwili. Nikajikuta nasema "ehe" bila leso.

Dadu lilisema ndama. Mtamba wangu kilema kazaa! Wakanishangilia wote. Nimerudi nyumbani naimba. Rhoda kauliza nimekunywa nini.

Naapa hapa, kwa wino: udanganyifu basi. Nimejifunza. Donatus mpya.

Jumatatu, 12 Agosti

Haki iko wapi? Bwana Jashvant, siku ya tatu tu, ana ng'ombe kumi na saba. Hauzi, hachinji, wanazaana tu. Mimi nina wawili, mmoja bado ananyonya.

Nimefikiri sana. Kiapo changu kilikuwa cha udanganyifu. Hiki si udanganyifu, ni urithi. Ghati alisema Mzee abaki amekufa, na amebaki. Ila nilisema mwenyewe kuwa ni mjane, na mzee aliyefiwa na mke wa kwanza hakatazwi kuoa wa pili. Hakuna sheria inayokataza.

Mke huyo wa pili anaitwa Bibi Scolastika. Sauti nimeipata kwa khanga ya Rhoda badala ya leso, na ndoo nimeiacha, maana ni ya ghala. Safari hii sirudii kosa. Huyu hapendeki. Ni mkorofi, ana kiburi, anakatiza watu. Hakuna atakayemchagua kuwa chochote.

Kaingia hewani saa kumi na moja na dakika tano, kamwambia Ghati aache porojo alete ng'ombe kumi. Ghati akapaliwa. Mihayo naye akapaliwa. Nadhani ni vumbi la Agosti, limeenea kanda nzima. Bwana Jashvant, aliyekuwa amekaa nyuma yangu akisubiri zamu ya maiki, katoka nje ghafla na nikasikia kitu kama kicheko, lakini haiwezekani.

Mihayo kasema bibi anamkumbusha mama yake mzazi. Apolonia kasema mjane hawezi kukaa bila nguo mpya, atamtumia kitenge kwa lori la Ijumaa. Nilipomhadithia Rhoda, kauliza rangi gani.

Ikabaki shida moja ndogo. Kabla ya kuandika wale kumi, Ghati kamuuliza bibi kama anajua Donatus yuko wapi. Kasema leo hasikiki, wote wanamngoja, na hawaanzi bila yeye. Nilikuwa na haraka ya ng'ombe. Nikamjibu kwa sauti ya bibi kwamba simfahamu mtu huyo, tuendelee. Apolonia kasema basi nikimwona nimwambie wanamtafuta.

Bibi kapata ng'ombe kumi na kitenge. Mimi, kama kawaida, hakuna aliyenikumbuka.